Kitambuzi cha Metali Husikia Kina Gani katika Udongo Wetu?

Kila msimu wa kulima unapokaribia, wananchi wa mipakani hutuuliza swali ambalo limezoeleka sasa. Kwa kuwa mashine za kugundua vyuma zinauzwa madukani na mitandaoni, je, ushirika wa kijiji hauwezi kununua moja, shamba likaguliwe kabla ya jembe kuingia? Wengine huuliza jambo hilohilo kwa nia nyingine: ni aina gani inayofika chini zaidi, ili watafute dhahabu au vyuma chakavu? Tunayajibu maswali yote mawili pamoja, kwa sababu anayetafuta usalama na anayetafuta mali hushika mpini uleule, juu ya udongo uleule.

Kwanza tuseme kwa nini jambo hili lingali na uzito. Vita vilivyoanza Kagitumba tarehe 1 Oktoba 1990 viliacha mabomu ya kutegwa ardhini katika Mutara, Byumba na kwingineko. Rwanda iliridhia Mkataba wa Kupiga Marufuku Mabomu hayo mwaka 2000, na mwezi Desemba 2009, katika mkutano uliofanyika Cartagena, Kolombia, ikatangaza kwamba imekwisha kusafisha maeneo yote yaliyojulikana kutegwa. Wategua mabomu wetu walifanya kazi ngumu na kuikamilisha kabla ya muda waliopewa na mkataba. Lakini mkataba huo unahusu mabomu yaliyotegwa ili kuwadhuru watu wanaopita. Hauhesabu guruneti lililotupwa kichakani, wala bomu la kombora lililoanguka bila kulipuka, wala risasi zilizofukiwa na mtu aliyekimbia. Vitu vya namna hiyo hufukuliwa mara kwa mara na wakulima, wachimba misingi na watoto wachungaji. Mwezi Januari 2025, mapigano ya Goma yalipoangusha mabomu na risasi upande wa Rubavu, wakazi wa mji huo walikumbushwa kwamba ardhi ya mpakani inaweza kupokea vyuma vipya wakati wowote.

Kifaa chenyewe wapo wanaokiita mashine ya dhahabu, na wapo wanaosema detekta. Sisi tutakiita kitambuzi. Ndani ya sahani iliyo mwishoni mwa mpini umezungushwa waya. Umeme unaopita katika waya huo hutoa nguvu ya sumaku inayopenya ardhini. Nguvu hiyo ikikuta kipande cha metali, huamsha ndani yake mikondo midogo ya umeme, nayo mikondo hiyo hutoa nguvu yake yenyewe, dhaifu sana, inayorudi juu. Mashine husikiliza jibu hilo na kuligeuza kuwa sauti. Kwa hiyo kitambuzi hakioni bomu, wala hakinusi baruti. Hujua jambo moja tu, kwamba chini kuna kitu kinachopitisha umeme au chenye tabia ya sumaku. Msumari, kizibo cha soda na kiwashio cha guruneti vyote humwambia mwenye mashine neno lilelile.

Hapa ndipo matangazo ya wauzaji yanapoanza kuachana na ukweli. Nguvu inayotoka kwenye sahani hudhoofika ikishuka, na jibu hudhoofika tena likipanda. Kwa kitu kidogo kilicho mbali kuliko upana wa sahani, umbali ukiongezeka mara mbili, jibu hupungua takriban mara 64. Maana yake ni kwamba mtengenezaji akiufanya usikivu wa mashine kuwa maradufu, kina hakiwi maradufu. Huongezeka kwa asilimia 12 hivi tu: kitu kilichosikika sentimita 25 chini sasa kitasikika sentimita 28. Mashine ya bei kubwa inaweza kuwa bora kwa mambo mengi, lakini hakuna fedha inayoweza kununua uhuru kutoka kwa kanuni hiyo. Njia nyepesi ya kushuka zaidi ni kutumia sahani pana, nayo ina gharama yake, kwani sahani pana husikia sufuria iliyozikwa chini sana huku ikiupita mwiba wa chuma ulio karibu na uso wa ardhi.

Wategua mabomu hawajidanganyi juu ya hilo. Bomu dogo la kutegwa huwekwa karibu na uso wa ardhi, vinginevyo mguu haulilipui. Ndiyo maana miongozo ya kimataifa ya kazi hiyo iliwahi kutaja sentimita 13 kuwa kina cha kusafisha mahali ambapo hakuna habari nyingine. Yako mabomu ambayo hata kina hicho ni kirefu kwake. Aina ya PMN ya Kisovieti ina chuma cha kutosha na hupiga kelele mapema, lakini Type 72 ya Kichina imetengenezwa karibu yote kwa plastiki, na metali yake haifiki hata gramu moja. Mashine inayosikia jembe lililofukiwa kwa nusu mita inaweza kulipita bomu kama hilo likiwa chini kwa kiganja kimoja.

Hayo yote tumeyasema kana kwamba udongo ni hewa tupu. Katika nchi yetu sivyo, na hili ndilo jambo ambalo mnunuzi huelezwa kwa uchache kuliko yote.

Udongo mwekundu wa Nyagatare, Kirehe na Bugesera umepata rangi yake kutokana na kutu ya chuma. Mvua na joto la miaka isiyohesabika vimeyasaga mawe na kuacha chembe ndogo mno za chuma zenye tabia ya sumaku. Kaskazini hali ni ngumu zaidi. Udongo wa Musanze, Burera na Rubavu umetokana na volkano za Birunga, na yale mawe meusi ambayo watu wa Musanze na wa Goma hujengea kuta yana madini ya sumaku ndani yake. Kitambuzi kikipitishwa juu ya jiwe la namna hiyo kinaweza kulia kama kilivyolilia guruneti. Hata moto una athari zake: mahali palipochomwa matofali au mkaa, udongo uliopata joto kali huwa na sumaku zaidi ya udongo wa jirani yake, kwa hiyo duara la tanuru la zamani linaweza kulia hata kama hapana chuma ndani yake.

Udongo wa namna hii huleta hasara mbili. Ya kwanza husikika, nayo ni kelele za bure zinazomchosha mtafutaji. Ya pili haisikiki, na kwa maoni yetu ndiyo mbaya zaidi. Mtu aliyechoshwa na kelele hupunguza usikivu wa mashine yake mpaka itulie. Mashine ikitulia, naye hutulia, wala haoni kwamba pamoja na kelele amepoteza kina. Mashine iliyokuwa ikisikia kipande kidogo cha chuma kwa sentimita 20 sasa huenda haikisikii hata kwa 10, na uso wake haubadiliki. Taa ya kijani ingali inawaka.

Sasa tunaweza kulinganisha aina za mashine, kwa sababu tofauti kubwa kati yake hukaa hapo, katika namna kila moja inavyoushughulikia udongo. Katika miaka ya 1990 mashine iliyoenea sana katika kazi ya kutegua mabomu duniani ilikuwa Schiebel AN-19 ya Austria. Ilikuwa sikivu sana katika udongo mtulivu, lakini haikuwa na njia ya kuufidia udongo wenye sumaku. Udhaifu huo baadaye ulipewa kazi ya maana. Wataalamu hurekebisha AN-19 mpaka isikie gololi ya chuma yenye upana wa milimita 10 kutoka umbali wa sentimita 10, kisha huishusha taratibu juu ya ardhi isiyo na metali. Urefu inapoanza kulia huandikwa. Ikianza kulia mbali na ardhi, udongo ni mkorofi. Ikigusa majani bila sauti, udongo ni mpole. Mashine ambayo udongo uliishinda ikawa kipimo cha udongo.

Zilizoifuata zilijengwa kwa ajili ya ardhi ngumu. Minelab ya Australia, nchi yenye udongo mwekundu unaofanana na wetu, ilitoa F1A4 na kisha F3. Vallon ya Ujerumani ilitoa VMH3CS. Hizi hutumia mapigo: hutuma nguvu kwa kishindo kifupi, hunyamaza, kisha husikiliza namna jibu linavyofifia. Jibu la udongo hufifia kwa mwendo wake na jibu la metali kwa mwendo mwingine, na mashine ikilinganisha nyakati mbalimbali huweza kuondoa sehemu kubwa ya sauti ya udongo. Foerster ya Ujerumani, katika Minex 2FD, ilichagua njia nyingine. Mashine hiyo hutuma masafa mawili kwa pamoja na kuyalinganisha. CEIA ya Italia nayo ilitengeneza MIL-D1, yenye uwezo wa kujifunza udongo. Mtumiaji huishusha na kuiinua sahani juu ya mahali palipo safi mpaka mashine itambue sauti ya ardhi na kuipuuza.

Ipi ni bora? Kituo cha utafiti cha Umoja wa Ulaya kilichopo Ispra, Italia, kilisimamia majaribio ya mashine hizi katika udongo halisi, yakiwemo ya Laos mwaka 2004 na ya Msumbiji mwaka 2005. Kwa anayetaka jina moja la kununua, majaribio ya namna hii hukatisha tamaa. Katika udongo mpole mashine nyingi nzuri hukaribiana. Katika udongo wenye sumaku karibu zote hupoteza kina, ila hazipotezi kwa kiasi kimoja, na mpangilio wa kwanza hadi wa mwisho hubadilika kutoka shimo hadi shimo na kutoka shabaha hadi shabaha. Ndiyo sababu kikosi makini cha kutegua mabomu hakinunui kwa kusoma kitabu cha muuzaji. Hufukia shabaha zilezile kwa vina vilevile katika udongo wa eneo watakalofanyia kazi, huwapa mashine watu wasiojua shabaha zilipo, na kuhesabu zilizopatikana na zilizokoswa. Wategua mabomu wenyewe huijaribu mashine kila asubuhi kabla ya kuingia shambani, na huijaribu tena wanapohamia kwenye udongo wa rangi nyingine. Mikono nayo ina sehemu kubwa: mtu anayepeperusha sahani kwa haraka, au anayeiinua mwisho wa kila mpigo, huacha vipande vya ardhi ambavyo havikusikilizwa kabisa.

Tuje kwa ndugu zetu wanaotafuta dhahabu. Mashine zao ni za ukoo huohuo lakini zimelelewa kwa kazi nyingine. Minelab Gold Monster 1000, kwa mfano, hutumia masafa ya kilohezi 45 na husikia chembe ndogo sana iliyo karibu na uso wa ardhi, wakati GPX 5000 hutumia mapigo na hustahimili ardhi ngumu kwa kina kirefu zaidi. Jambo la kuogopesha ni namna zinavyotumika. Mashine nyingi za masafa zina kitufe cha kupuuza chuma, na mtafuta dhahabu hukibonyeza kwa furaha ili asisumbuliwe na misumari. Guruneti ni chuma. Bomu la kombora ni chuma. Mtu huyo anaweza kupita juu yake bila kusikia lolote, kisha akachimba kwa sururu hatua moja pembeni, mahali alipoitwa na kipande cha shaba. Mashine za mapigo, kwa kawaida, hazitofautishi vizuri chuma na dhahabu. Kwa hiyo mwenye nayo huchimba kila sauti, na sauti kubwa huchimbwa kwa pupa kuliko nyingine. Katika maeneo yaliyopitiwa na vita, sauti kubwa ndiyo ya kuiogopa. Wategua mabomu hawabonyezi kitufe cha kupuuza chochote. Hukaribia kila sauti kwa magoti, wakiukwangua udongo kutoka pembeni, wamevaa kinga ya kifua na ya uso. Tuongeze pia kwamba kuchimba madini bila leseni ni kosa katika sheria ya Rwanda, hata kama mashine yenyewe ilinunuliwa kihalali.

Liko kundi la tatu la vifaa ambalo hatupendi kuliita kundi la vitambuzi. Ni vile vifimbo vyenye antena ambavyo huuzwa kwa ahadi ya kuonyesha dhahabu au silaha kutoka umbali wa mamia ya mita, au chini ya ardhi kwa makumi ya mita. Msomaji aliyeelewa kanuni ya mara 64 hahitaji kuambiwa zaidi, lakini historia inaonyesha kwamba hata serikali zimedanganyika. Kifaa kilichoitwa ADE 651 kiliuzwa Iraki kwa mamilioni ya dola na kikawekwa kwenye vizuizi vya barabarani kutafuta mabomu ya magari. Ndani yake hapakuwa na chombo chochote chenye uwezo wa kugundua kitu, na asili yake ilikuwa kichezeo cha kutafutia mipira ya gofu. Mwuzaji wake, James McCormick, alihukumiwa kifungo cha miaka 10 nchini Uingereza mwaka 2013. Mwaka huohuo Gary Bolton, aliyeuza kifaa kingine cha namna hiyo kilichoitwa GT200, alihukumiwa miaka 7. Anayekutembeza na antena mkononi katika soko la mpakani, akitaka malipo ya awali, mripoti kwa polisi kama unavyomripoti mwizi mwingine.

Kuna mahali ambapo udongo umeishinda mashine kiasi kwamba watu wametafuta njia isiyotegemea metali kabisa. Jirani zetu wa Tanzania wanajulikana duniani kwa hilo. Mjini Morogoro, shirika la APOPO hufundisha panya buku kunusa baruti yenyewe. Panya hajali kutu ya udongo wala misumari, na ni mwepesi mno kulipua bomu analolikanyaga. APOPO husema panya mmoja hukagua eneo la ukubwa wa uwanja wa tenisi kwa nusu saa hivi, eneo ambalo mtu mwenye kitambuzi anaweza kulifanyia kazi hadi siku 4, kwa sababu mtu huyo hulazimika kusimama kwa kila kipande cha chuma. Panya waliofundishwa Morogoro walifanya kazi Msumbiji hadi nchi hiyo ilipotangazwa kuwa huru na mabomu ya kutegwa mwaka 2015. Magawa, aliyepelekwa Kambodia, alitunukiwa nishani ya dhahabu nchini Uingereza mwaka 2020.

Turudi kwenye shamba la kijiji. Ushirika ukinunua mashine, tuseme nzuri, ukalipita shamba lote na mashine isilie, utakuwa umejua nini? Utakuwa umejua kwamba, kwa usikivu uliowekwa siku ile, katika udongo ule, mikono ile haikusikia metali ya ukubwa fulani mpaka kina fulani ambacho hakuna aliyekipima. Jembe la mkono huingia kiganja kimoja au viwili. Lakini sisi Wanyarwanda hatuishii kwenye jembe. Tunakata matuta ya ngazi milimani, tunachimba misingi ya nyumba, mashimo ya vyoo na udongo wa matofali mabondeni, na kazi hizo hushuka mita nzima na zaidi. Mvua nayo hushusha udongo wa mlima na kukifunua leo kilichokuwa kimefunikwa jana. Ukimya uliopatikana kwa sentimita 13 hausemi lolote juu ya mita moja. Mashine ikilia, hali si nafuu: walio karibu watataka kuona ni nini, na mwenye mashine hana kinga wala mafunzo ya kuwajibu.

Kwa sababu hiyo jibu letu kwa vyama vya ushirika ni kwamba fedha hizo zinunue mbegu. Panapohofiwa, kwa mfano palipokuwa na mahandaki, kambi au kizuizi cha askari, au palipoanguka bomu, mwambieni kiongozi wa umudugudu na kituo cha polisi kabla ya kuanza kuchimba. Wazee wanaokumbuka askari walikaa wapi mwaka 1991 au 1994 hutoa habari ambayo hakuna sahani inayoweza kuisoma.

Jembe likigonga chuma usichokijua, acha jembe palepale. Usilivute, usikitie kitu hicho maji, usikisogeze njiani ili wengine wakione, wala usikipeleke kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Rudi kwa njia uliyojia, ukikanyaga mulemule ulimokanyaga. Ukiwa mbali, weka alama inayoonekana, fimbo yenye kitambaa au rundo la majani upande wa njia, na mwachie mtu mzima mmoja kazi ya kuwazuia watoto na mifugo. Kisha piga simu 112, ambayo hailipiwi. Utakayeongea naye atakuuliza mahali, umbo na ukubwa wa kitu, kama kimefukiwa nusu au kipo wazi, kama kuna aliyekigusa, na nyumba iliyo karibu ipo hatua ngapi. Huhitaji kukijua jina lake, wala kurudi kukipiga picha.